Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutengeneza nanochembe za oksidi za metali kwa ajili ya uchocheaji, vihisi na kupambana na bakteria

Nanochembe za oksidi za metali ni kitu gani hasa?

Ni vipande vya oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, ambavyo walau upande wake mmoja una nanomita 1 mpaka 100. Chukua milimita moja uigawe mara milioni, hapo ndo unapata nanomita moja. Zinazotajwa sana ni zinki oksidi (ZnO), titani dioksidi (TiO2), oksidi ya shaba (CuO), magnetaiti (Fe3O4), bati dioksidi (SnO2) na seria (CeO2).

Unga wa kawaida wa ZnO upo tele, kwa nini nihangaike na nano?

Kwa sababu kazi zote tatu, kuchochea mmenyuko, kuhisi gesi na kuua bakteria, zinafanyika juu ya uso wa chembe, sio ndani. Na hesabu yake unaweza kuipiga mwenyewe: ukichukulia chembe ni tufe, eneo la uso kwa gramu ni 6 gawanya kwa densiti mara kipenyo. ZnO ina densiti ya 5.6 g/cm³, kwa hiyo chembe za nanomita 20 zinakupa kama mita za mraba 54 kwa gramu moja, wakati unga wenye chembe za mikromita 10 unakupa kama mita ya mraba 0.1 tu. Ni oksidi ileile, uzito uleule, ila uso umezidi mara mia tano.

Alafu atomu za pale juu hazijashikwa pande zote kama zile za ndani, nyingine zimekosa jirani, kuna nafasi wazi ambapo oksijeni ilitakiwa iwepo, na hizo nafasi wazi ndo mara nyingi zinafanya kazi yenyewe. Ila niseme wazi, kama kazi yako haitegemei uso basi unga wa kawaida unatosha kabisa, usitafute nano kwa sababu ya jina.

Nianze na oksidi ipi?

Usianze na oksidi, anza na kazi. Hili ndo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, manake watu wengi wanatengeneza unga kwanza, wanaupima kila kipimo kilichopo, alafu mwishoni ndo wanautafutia matumizi, na unakuta ule unga haufai kwa lolote kati ya matatu.

Ukitaka kuvunja rangi au kemikali chafu kwenye maji kwa kutumia mwanga, nenda TiO2 au ZnO. Ukitaka kichocheo unachoweza kukitoa kwenye maji kwa sumaku baada ya kazi, Fe3O4 iwe ndani kama kiini. Mambo ya kuchoma kaboni monoksidi, angalia seria, manake seriamu inaruka kati ya Ce3+ na Ce4+ bila shida, inachukua na kutoa oksijeni, na ndo maana ipo kwenye vichujio vya moshi vya magari ya petroli. Kihisi cha gesi zinazowaka, SnO2 ndo mkongwe wa fani. Bakteria, ZnO au CuO, na CuO mara nyingi ni kali zaidi lakini ni kali pia kwa seli zetu.

Nipe njia rahisi ya kuanzia, moja tu.

Njia ya mashapo, kwa ZnO. Inahitaji vitu vichache na inakufundisha karibu kila kitu utakachokuja kukihitaji mbele.

Pima asetati ya zinki yenye maji mawili (uzito wa moli 219.5) gramu 2.2, yeyusha kwenye mililita 100 za maji ya distili, hapo una myeyusho wa 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Pembeni yeyusha hidroksidi ya sodiamu gramu 0.8 kwenye mililita 100 nyingine. Pasha ule wa zinki mpaka nyuzi 60 hadi 70 huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka vizuri, alafu anza kudondoshea ule wa sodiamu tone kwa tone, usiumwage. Utaona weupe unatokea, hiyo ni hidroksidi ya zinki, na kwa lile joto inaanza kupoteza maji na kugeuka oksidi. Malizia kudondosha, acha ikoroge saa moja au mbili kwa joto lilelile, ipoe, tenganisha kwa sentrifuji, osha, kausha nyuzi 60 mpaka 80 usiku kucha, alafu choma kwenye tanuru nyuzi 300 hadi 400 kwa saa mbili. Kinadharia utapata gramu 0.81, ukipata pungufu kidogo ni sawa kwa sababu nyingine inaondoka wakati wa kuosha, ila ukipata ZAIDI ya hapo ujue kuna chumvi ya sodiamu au maji humo ndani, rudi ukaoshe.

Angalia pH. Zinki inakubali pande zote mbili, asidi inaiyeyusha na alkali ikizidi inaiyeyusha pia, inageuka zinketi na mashapo yako yanapotea mbele ya macho yako. Kwa hiyo ukizidisha hidroksidi ya sodiamu usishangae.

Kwa nini tone kwa tone? Nikimwaga yote mara moja kuna shida gani?

Unapodondosha, kila tone linaleta mjazo uliopitiliza mahali padogo, yaani kitu kinazidi kile ambacho maji yanaweza kuyeyusha, viini vinazaliwa, alafu vinakua. Wazo la kwamba uzaliwaji wa viini na ukuaji wake vinatakiwa vitenganishwe kwa muda ili ukubwa ulingane lilielezwa na LaMer na Dinegar mwaka 1950, na mpaka leo ndo tunalitumia kufikiria. Ukweli ni kwamba kumwaga kwa haraka huku unakoroga kwa nguvu sana kunaweza kukupa chembe ndogo zaidi, manake viini vinazaliwa vingi kwa mpigo, lakini kama ukorogaji ni dhaifu utapata mchanganyiko wa vikubwa na vidogo. Shida kubwa sio haraka au polepole, shida ni kutofanya sawasawa kila mara, leo unadondosha dakika 10 kesho dakika 40 na daftari halisemi. Andika kasi ya kudondosha, kasi ya kukoroga, joto, na ukubwa wa bika pia.

Unga wangu umekauka umekuwa mabonge magumu kama jiwe, nifanyeje?

Hayo ni maji. Maji yanapokauka katikati ya chembe yanazivuta pamoja kwa nguvu ya mvutano wa uso, zikishagusana zile hidroksili (vikundi vya OH) za juu zinaungana na ukija kuchoma ndo kabisa zinashikana moja kwa moja. Dawa yake ni kuosha mara ya mwisho au mbili za mwisho kwa ethanoli badala ya maji, na usikaushe kwa joto kali. Ukiwa na mashine ya kukausha kwa baridi, hiyo ni bora zaidi. Kusaga kwenye kinu baada ya kuchoma kunasaidia kuvunja mabonge laini tu, yale yaliyoshikana kwa moto hayaachani.

Na kuosha kwenyewe usikadirie kwa macho. Pima upitishaji umeme wa maji ya juu baada ya kila mzunguko mpaka uone umeshuka na kutulia, au kama ulitumia chumvi ya kloraidi dondoshea nitrati ya fedha kidogo, ukiona weupe bado kloraidi ipo. Sodiamu iliyobaki inaharibu kihisi, inaharibu kichocheo, na kwenye kupima bakteria inakuletea pH ya uongo.

Nichome kwa joto gani?

Dogo kadiri linavyotosha kuondoa mabaki na kukupa fuwele unayoitaka, basi. Kila nyuzi unayoongeza inakuza fuwele na kula eneo la uso ulilolihangaikia. TiO2 ukiichoma kama nyuzi 450 unapata fuwele ya anatezi, ukipandisha kwenye 600 hadi 700 inaanza kugeuka rutili, fuwele ya aina nyingine ya TiO2 ileile, na kwa kazi nyingi za mwanga anatezi ndo inayopendwa, ingawa mchanganyiko wa anatezi nyingi na rutili kidogo ndo uliomo kwenye ule unga maarufu wa P25 unaotumika kama kipimio duniani kote.

Kuna ubaguzi mmoja, kihisi cha gesi. Kihisi kinaishi kwenye joto, mara nyingi nyuzi 200 hadi 400, kwa hiyo unga wake lazima uchomwe juu ya joto la kazi, la sivyo chembe zitaendelea kukua kihisi kikiwa kazini na namba zako zitakuwa zinahama kila wiki.

ZnO yangu imetoka tanuruni ya njano! Imeharibika?

Hapana, subiri ipoe. ZnO ikiwa ya moto inakuwa njano na ikipoa inarudi nyeupe. Ikipoa ikabaki na rangi ya krimu au kijivu ndo ujue kuna mabaki ya kaboni au uchafu mwingine.

Mashapo ya shaba yamebaki ya bluu.

Bado ni hidroksidi. Pasha zaidi, CuO ni nyeusi. Ukiona wekundu au hudhurungi yenye wekundu kuna uwezekano una Cu2O, na hapo kuna kitu kimepunguza shaba, yaani kimeipa elektroni, mara nyingi ni sukari au ajenti nyingine uliyoweka.

Na sol-jeli, haidrothemo na ile ya kuwasha moto, zina faida gani?

Sol-jeli ndo njia ya TiO2. Unachukua aloksidi, mara nyingi isopropoksidi ya titani, kwenye alkoholi, unaweka asidi kidogo ya nitriki au asetiki, alafu unaongeza maji polepole. Ile aloksidi ina haraka sana na maji, hata unyevu wa hewani unaigandisha, kwa hiyo asidi ipo pale kuipunguza kasi. Ukifungua chupa funga mara moja.

Haidrothemo unafungia mchanganyiko kwenye otoklevu ya chuma yenye kikombe cha Teflon, unaweka kwenye oveni nyuzi 120 hadi 200 kwa masaa kadhaa. Uzuri wake fuwele zinatoka zimekamilika bila kuchoma, na unaweza kuongoza umbo, vijiti, mchemraba, bapa. Na umbo sio urembo: kwenye seria, mchemraba unaonyesha nyuso tofauti na zile za pembe nane, na uwezo wa kuchoma kaboni monoksidi unatofautiana hata kama eneo la uso linakaribiana. Lakini tafadhali usijaze kikombe zaidi ya kama theluthi mbili, usivuke joto ambalo mtengenezaji ameandika, na usifungue ikiwa ya moto, iache ipoe yenyewe.

Njia ya mwako, unachanganya nitrati ya metali na urea au glisini, unapasha mpaka inawaka yenyewe na kukuachia povu jepesi la oksidi. Ni dakika chache tu na eneo la uso ni kubwa, ila inatoa gesi za oksidi za nitrojeni zenye sumu na inaweza kuruka, kwa hiyo kiasi kidogo, ndani ya chumba cha kufyonza hewa, na kamwe usiache bika peke yake.

Fe3O4 yangu ilikuwa nyeusi sasa imegeuka kahawia.

Imeoksidika. Magnetaiti inahitaji Fe2+ na Fe3+ kwa uwiano wa 1 kwa 2, na ile Fe2+ inaliwa na oksijeni hata wakati bado unakoroga. Kwa hiyo maji yapitishiwe nitrojeni kwanza, chumvi ya Fe2+ iwe mpya (ikiwa imeanza kuwa na unjano wa kutu achana nayo), na amonia iingie nitrojeni ikiwa bado inapita, mpaka pH ya 10 hivi. Njia hii imejengwa juu ya kazi ya Massart ya mwaka 1981 na bado ndo inayotumika zaidi. Kukausha hewani kwa joto kali kunaipeleka kwenye maghemaiti na baadae hematiti, ambazo ni oksidi nyingine za chuma, na hematiti haivutwi na sumaku yako kwa maana.

Tahadhari moja: magnetaiti na maghemaiti kwenye XRD (kipimo cha miali ya X kinachosoma mpangilio wa fuwele) zinafanana mno, kwa chembe ndogo yenye vilele vipana huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hiyo usiandike "Fe3O4 safi" kwa XRD peke yake.

Kutumia majani ya mimea ni bora? Nasikia dondoo la mmea linapunguza zinki na kuwa nanochembe.

Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu hili linaandikwa vibaya kila mahali.

Kwa fedha, ndiyo, dondoo la mmea linaweza kupunguza ayoni ya fedha kuwa metali, manake potensheli yake ni chanya, volti +0.80, inapokea elektroni kwa urahisi. Zinki iko −0.76. Polifenoli za majani haziwezi kuisukuma zinki kuwa metali ndani ya maji, na zaidi ya hapo, hazihitaji! Kwenye asetati ya zinki, zinki ni 2+. Kwenye ZnO, zinki ni 2+. Hakuna kilichopunguzwa. Kwa hiyo ule mchoro unaoonyesha Zn2+ ikigeuka Zn0 kwa nguvu za flavonoidi alafu inakutana na oksijeni, hauna msingi. Kwa titani na seriamu shida ni hiyohiyo.

Dondoo linafanya nini basi? Linashika ayoni za metali, linabadilisha kidogo pH, linafunika chembe zinapozaliwa zisikue ovyo, na mara nyingi, hasa kama ulikausha mchanganyiko ukawa kama gundi alafu ukauchoma nyuzi 400, linafanya kazi ya kuni tu kama urea ilivyo kwenye njia ya mwako. Hizo ni kazi halali na zinaweza kukupa chembe nzuri. Ila ili useme mmea umesaidia lazima uwe na kontroli, yaani utengeneze ileile kwa hatua zilezile, pH ileile, joto lilelile, bila dondoo. Na ukishachoma kwa nyuzi 400 au 500 hewani zile polifenoli zimeungua, usije ukasema baadae zimebaki juu ya chembe na ndo zinaua bakteria.

Kitu kingine, mimea inabadilika. Jani la msimu wa mvua sio jani la kiangazi, kwa hiyo kurudia matokeo ni kazi. Na kuiita njia ya kijani wakati umetumia hidroksidi ya sodiamu na tanuru masaa manne, mimi naona tuwe waangalifu na hilo neno.

Nimepiga XRD nikapata nanomita 22 kwa fomula ya Scherrer. Ndo ukubwa wa chembe zangu?

Hapana, ni ukubwa wa fuwele. Chembe moja inaweza kuwa na fuwele nyingi zilizoshikana. Fomula yenyewe ni ya mwaka 1918, D = Kλ/(β cos θ), ambapo D ni ukubwa wa fuwele, K ni kama 0.9, λ ni urefu wa wimbi la miali, nanomita 0.15406 kwa mirija ya shaba, β ni upana wa kilele na θ ni nusu ya pembe ya kilele (2θ). Makosa yanayorudiwa ni haya: β kuachwa kwenye digrii badala ya radiani, kusahau kutoa upana unaoletwa na mashine yenyewe, na kutumia fomula kwa fuwele kubwa zinazokaribia nanomita 100 ambapo upana wa mashine unameza kila kitu. Tumia zaidi ya kilele kimoja. Kwa ZnO angalia vile vitatu vya kwanza, karibu na 31.8, 34.4 na 36.3 kwa 2θ, na ukiona kilele kisicho cha ZnO usikifumbie macho.

DLS (kipimo cha ukubwa kwa mwanga unaotawanywa na chembe ndani ya kimiminika) inaniambia nanomita 400, hadubini ya elektroni inaniambia 25. Nani mkweli?

Wote. Hadubini imeona chembe kavu moja moja, DLS imeona kitu kinachotembea ndani ya maji pamoja na maji yaliyokishika, na hicho kitu mara nyingi ni bonge la chembe nyingi. Tena DLS inasikia sana vikubwa, vichache tu vinafunika vidogo. Pima potensheli ya zeta, yaani kipimo cha chaji ya juu ya chembe ndani ya maji, kwenye pH utakayotumia: ikiwa juu ya +30 au chini ya −30 milivolti kwa kawaida chembe zinasukumana na kukaa mbalimbali, ikikaribia sifuri zitashikana. ZnO inafika sifuri karibu na pH 9, TiO2 karibu na 6. Kwa bakteria, namba ya DLS ndani ya chakula cha bakteria ina maana kuliko picha nzuri ya hadubini, kwa sababu ndo hali ambayo bakteria anakutana nayo.

Nimejaribu uchocheaji kwa mwanga na methilini bluu, rangi imepotea asilimia 95. Inatosha?

Haitoshi, na sababu ni kadhaa. Rangi inaweza kupotea kwa kushikwa tu juu ya chembe bila kuvunjwa, ndo maana unakaa gizani kwanza, wengi wanatumia dakika 30, ila cha msingi ni mpaka kilele cha nanomita 664 kiache kushuka. Rangi inaweza kuvunjwa na mwanga peke yake, kwa hiyo unahitaji bika lenye rangi na mwanga bila unga. Na methilini bluu inanyonya mwanga unaoonekana, inaweza yenyewe kumpa kichocheo elektroni, kwa hiyo ukidai kwamba oksidi yako inafanya kazi kwa mwanga unaoonekana jaribu na kitu kisicho na rangi kama fenoli.

Ukumbuke pengo la nishati, yaani nishati ambayo mwanga lazima uwe nayo ili uamshe elektroni za oksidi. TiO2 anatezi ni elektronivolti (eV) 3.2, inahitaji mwanga wa chini ya nanomita 387 hivi, ZnO ni kama 3.3. Hiyo ni miali ya urujuanimno, na kwenye jua ni sehemu ndogo, kama asilimia 5. Ndo kilichowakuta Fujishima na Honda walipotangaza mwaka 1972 kwamba TiO2 inaweza kugawanya maji kwa mwanga, kazi ya ajabu, lakini ilihitaji urujuanimno na bado tunapambana na ukuta huohuo. ZnO ina udhaifu mwingine, inaliwa na mwanga yenyewe na inayeyuka kwenye asidi, kwa hiyo baada ya kila mzunguko pima zinki iliyoingia kwenye maji. Rudia unga uleule mizunguko kadhaa, na kama unaweza pima kaboni yote iliyobaki, manake rangi kupotea sio lazima molekuli imefika kwenye kaboni dioksidi.

Oksidi ni kichocheo chenyewe au ni kibebeo tu?

Inaweza kuwa vyote. Mwaka 1987 Haruta na wenzake walionyesha kwamba dhahabu, ambayo kila mtu aliiona haina kazi, ikiwekwa kama chembe za nanomita chache juu ya oksidi kama ya chuma au kobalti inachoma kaboni monoksidi hata chini ya nyuzi sifuri. Pale oksidi haijakaa tu, mpaka ambapo dhahabu inagusana na oksidi ndo penye kazi. Kwa hiyo ukibadilisha kibebeo umebadilisha kichocheo.

Kihisi cha oksidi kinahisije gesi?

Oksijeni ya hewani inakaa juu ya chembe na kuiba elektroni. Kwenye oksidi ya aina ya n (umeme unabebwa na elektroni) kama SnO2 na ZnO, hilo linaacha ngozi isiyo na elektroni na ukinzani unapanda. Ikija gesi inayopunguza, mfano kaboni monoksidi au mvuke wa ethanoli, inaichoma ile oksijeni, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka, na huo mshuko ndo unaupima kama uwiano wa ukinzani wa hewani kwa ukinzani wa gesini. Kwenye aina ya p (umeme unabebwa na nafasi zilizokosa elektroni) kama CuO na NiO mambo ni kinyume, ukinzani unapanda gesi ikija. Seiyama na wenzake walilionyesha kwa ZnO mwaka 1962, na mwaka huohuo Taguchi huko Japani akaomba hataza ya kihisi kilichokuja kuwa cha SnO2 kwenye vifaa vya kugundua gesi inayovuja.

Nano inaingia hapa: ile ngozi kwenye SnO2 ina unene wa kama nanomita 3. Fuwele ikiwa nanomita 50, ngozi ni sehemu ndogo tu. Ikishuka kwenye nanomita 6 hivi ngozi mbili zinakutana katikati, chembe nzima inaitikia, na unyeti unapanda ghafla. Ndo sababu hesabu ya fuwele sio mapambo kwenye ripoti ya kihisi. Ila unga uliobanana sana gesi haipenyi, unahitaji vinyweleo pia.

Shida kubwa ya vihisi hivi sio unyeti, ni kutofautisha. Karibu kila gesi inayopunguza inashusha ukinzani. Chembe kidogo za paladi au platini zinasaidia, joto la kazi linasaidia, lakini lazima ujaribu gesi nyingine kadhaa kwa kiwango kilekile. Na unyevu! Mvuke wa maji unagombea nafasi zilezile za juu, kwa hiyo matokeo ya hewa kavu ya silinda hayatabiri chochote chumbani. Jaribu walau unyevu wa aina mbili au tatu.

Vipi kupima sukari ya damu kwa CuO au NiO bila kimeng'enya?

Inafanya kazi vizuri sana ndani ya hidroksidi ya sodiamu 0.1 M. Damu ina pH ya 7.4. Sema wazi kwamba sampuli inahitaji kuongezwa alkali, na jaribu askobiki asidi na yuriki asidi, manake nazo zinaoksidika.

Nanochembe zinauaje bakteria?

Njia tatu zinazoenda pamoja. Kwanza ayoni, Zn2+ au Cu2+, zinayeyuka kidogokidogo na kuvuruga protini za bakteria. Pili oksijeni kali, yaani superoksidi, radikali za hidroksili na peroksidi ya hidrojeni, hasa kukiwa na mwanga, ingawa ZnO inaonyesha kazi hata gizani. Tatu chembe yenyewe kugusa ukuta na utando wa seli na kuuharibu.

Ipi inatawala kwenye unga wako? Hilo hujui mpaka uweke kontroli, na hapa ndo ripoti nyingi zinaanguka. Weka chumvi ya zinki yenye ayoni sawa na zile zilizoyeyuka kutoka kwenye unga wako. Kama inaua vilevile basi chembe ilikuwa ghala la ayoni tu. Weka ZnO ya kawaida isiyo nano. Fanya gizani na kwenye mwanga.

Kipimo cha duara lisilo na bakteria kwenye sahani ya agari ni kibaya kwa nanochembe, nasema hivi kwa sababu duara linategemea kitu kusambaa kwenye agari na chembe hazisambai, kinachosambaa ni ayoni. Unaweza kuwa na unga mkali ukaonyesha duara la milimita 2. Kuhesabu makoloni ni bora zaidi: andika punguzo kwa logi, manake kuua asilimia 99 kunasikika vizuri lakini ni logi 2 tu, kutoka bakteria milioni moja bado una elfu kumi walio hai. Usikadirie bakteria kwa ukungu wa kimiminika, chembe zenyewe zinaleta ukungu. Na angalia fosfati, chakula chenye fosfati au maji ya chumvi ya fosfati yanashika zinki na kuigeuza fosfati ya zinki, unga unaonekana dhaifu kumbe umefungwa. Jaribu bakteria wa aina zote mbili za ukuta wa seli, Staphylococcus aureus na Escherichia coli ndo wanaotumika sana, kuta zao ni tofauti na majibu yao pia.

Basi naweza kuiweka kwenye kidonda au kuinywa?

Hapana. Kuua bakteria kwenye bika sio dawa. Kilichoua bakteria kinaweza kuua seli za ngozi kwa kiwango kilekile, na bila kipimo cha seli za binadamu au wanyama hujui chochote. Hata matumizi yaliyozoeleka yanaangaliwa upya: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TiO2 kama rangi ya chakula mwaka 2022, na mwaka huohuo ukasitisha dozi kubwa za dawa ya zinki oksidi kwa watoto wa nguruwe, kwa sababu ya zinki kujikusanya kwenye mazingira na hofu ya kuwapa nafasi bakteria sugu.

Kazini nijilinde vipi?

Hatari kubwa ni unga mkavu unaoelea hewani. Fanya kazi ikiwa mbichi kadiri inavyowezekana, pima unga mkavu ndani ya chumba cha kufyonza hewa, vaa barakoa ya FFP3 au inayolingana nayo, glavu na miwani, na futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie wala kupuliza. TiO2 ikivutwa kama vumbi imewekwa na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani) kundi la 2B, yaani inawezekana inasababisha saratani.

Na maji ya kuoshea, nimwage kwenye sinki?

Usimwage. Zinki na shaba ni sumu kwa viumbe vya majini hata kwa viwango vidogo. Kusanya, rekebisha pH mpaka metali ishuke chini, chuja, na ile tope iende na taka za kemikali.

Unga unakaa muda gani?

ZnO inanyonya unyevu na kaboni dioksidi, taratibu juu yake inajijengea kabonati, kwa hiyo chupa ifungwe vizuri na iwe ndani ya kikausho. Fe3O4 ihifadhi chini ya nitrojeni au ndani ya kimiminika kisicho na oksijeni. Andika tarehe, namba ya toleo na joto la kuchomea kwenye chupa yenyewe sio kwenye daftari tu, na ukitumia unga uliokaa miezi pima tena XRD na eneo la uso kabla hujalinganisha na matokeo ya zamani.